Vumbi Liishie Mlangoni: Jinsi ya Kubuni Kabati la Kamera Nyumbani Bisil

Shika lenzi yako ya kuvuta karibu na sikio, kisha zungusha pete yake polepole. Ukisikia mkwaruzo mdogo, kama wa punje ya mchanga ndani ya tonge la ugali, jua vumbi limekwisha kuingia mahali ambapo kitambaa hakifiki. Mpiga picha wa Bisil haulizi limetoka wapi. Limetoka mnadani, ng'ombe na mbuzi wakiswagwa na wingu likiwafuata nyuma. Limetoka kando ya barabara kuu ya Namanga malori yakipishana. Limetoka kwenye ile njia ya vumbi aliyopanda bodaboda Jumamosi kwenda kupiga harusi.

Jioni mkoba unarushwa juu ya kabati la nguo, karibu kabisa na mabati yaliyopigwa na jua mchana kutwa, na hapo unalala hadi kazi nyingine. Siku lenzi inapokwama, tunalaumu mnada. Lakini mnada ulichukua saa tatu tu. Siku tano zilizofuata lenzi ilikuwa nyumbani, imelala na vumbi lake.

Wengi wakiamua kutengeneza kabati huanzia kwa seremala. "Fundi, nitengenezee kabati la kamera." "Sawa boss, la futi ngapi?" Kutoka hapo mazungumzo ni bei, rangi, na kama milango iwe ya vioo. Swali la msingi halikuulizwa: kitakachoingia humo kitakuwa katika hali gani? Kabati halisafishi kitu. Hutunza lilichopewa. Likipewa lenzi safi na kavu, litatunza usafi na ukavu. Likipewa vumbi na jasho, litatunza hayo pia, kwa uaminifu uleule, tena gizani. Kwa hiyo kabati zuri la Bisil hubuniwa kuanzia mlangoni, pale kifaa kinapopokelewa, ndipo ufikirie rafu.

Mjue adui wa mahali ulipo

Ushauri mwingi wa kuhifadhi kamera umeandikwa na watu wa miji yenye hewa nzito ya bahari. Vita vyao ni na kuvu, zile nyuzi nyeupe zinazotambaa ndani ya kioo cha lenzi kama utando wa buibui. Huku kwetu anayewaelewa vizuri ni mtu wa pwani. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako Ranchhod Oza alianzisha studio ya Capital Art mwaka 1930, bahari iko hatua chache tu, na anayetunza lenzi au negativu mahali kama hapo hapumziki. Yeye akinunua kabati la umeme la kukausha hewa, amenunua kitu anachokihitaji Januari hadi Desemba.

Bisil ni nchi kavu. Unyevu huja kwa misimu: masika ya Machi hadi Mei, na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Miezi mingine yote ni jua, upepo na vumbi. Ukiiga kabati la Zanzibar utatumia pesa nyingi kupambana na adui anayekuja kwa misimu tu, huku yule anayeishi nawe akipita mlangoni.

Tena vumbi letu lina aina zake. Mchanga mwekundu una punje za kwatzi, madini magumu kuliko kioo. Ndiyo maana kufuta lenzi kwa shati ukiwa mnadani ni sawa na kuipiga msasa. Ukishuka Amboseli unakutana na jingine. Jina la hifadhi hiyo huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai *empusel*, mahali pa vumbi la chumvi, na anayepiga picha kwenye lile ziwa linalokauka hurudi na unga wa kijivu uliojipenyeza kila mshono wa kamera. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu wenye chumvi hula vyuma. Kisha kuna sherehe za rika za Wamaasai. Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr ziliingizwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa hiyo picha zake ni kumbukumbu ya jamii nzima. Huko utarudi na udongo mwekundu wa kujipaka uliochanganywa na mafuta, nao haupulizwi ukatoka. Hufutwa.

Adui wa pili ni joto la mabati. Grisi inayolainisha mitambo ya lenzi hulainika zaidi ikipata joto, na inaweza kutambaa hadi kwenye vile vipande vyembamba vinavyofunga na kufungua tundu la mwanga. Vikishalowa mafuta hugandana, na picha zinatoka na mwanga usiotabirika. Unyevu ni wa tatu, na tutaufikia.

Panga vitu kabla ya kupanga mbao

Tandika shuka sakafuni na utoe kila kitu: kamera, lenzi, flashi, taa, droni, kinasa sauti, maikrofoni, betri, chaja, kadi, nyaya. Kisha vigawe mafungu manne.

Fungu la kwanza ni vioo na kamera zenyewe. Hivi ndivyo vya kulindwa zaidi, navyo vitakaa usawa wa kifua, mahali unapoona bila kuinama na ambapo mtoto hafiki. La pili ni vitu vizito na vigumu, kama taa za studio na droni iliyo ndani ya sanduku lake. Hivi vikae chini ili kabati lisielemee mbele. La tatu ni vitu vidogo vinavyopotea: kadi, filta, vifuniko, nyaya. Vipe droo. La nne ni vile visivyoingia kabisa: tripodi, stendi za taa, mkoba wenyewe na koti la mvua. Tripodi imesimama kwenye samadi na mchanga, na miguu yake ina vumbi hata ndani ya mabomba. Itundike kwa ndoano ubavuni mwa kabati, nje.

Baada ya hapo pima kwa futikamba. Pima kamera ikiwa na lenzi unayoitumia sana, si ikiwa uchi. Lenzi za wanyamapori za milimita 150 hadi 600 nyingi zina urefu wa karibu sentimita 26 zikiwa zimefungwa, na uzito wa kilo mbili hivi hadi karibu tatu. Kama unayo, au unaiwekea akiba, rafu yake iamuliwe leo. Acha pia robo ya nafasi tupu. Vifaa huongezeka, na rafu iliyobanwa hugonganisha vioo.

Futi 8 kwa 4: hesabu ya kwenda nayo hadware

Plaiwudi huuzwa kwa karatasi nzima ya futi 8 kwa futi 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Ubuni mzuri ni ule unaomaliza karatasi bila kubakiza vipande vya kuwashia jiko. Kwa mpiga picha wa kawaida, kabati la futi 5 kwenda juu, futi 3 kwa upana na futi 1 na nusu kwenda ndani linatosha, na vipimo hivi vina raha yake: futi 5 na futi 3 ni futi 8.

Chukua karatasi mbili za unene wa milimita 18. Kila moja ipasuliwe kwa urefu: mkanda wa futi 1 na nusu, mwingine wa futi 1 na nusu, na unaobaki wa futi 1. Mikanda mipana sasa ni minne. Kila mmoja ukatwe futi 5 na futi 3. Vile vinne vya futi 5 vinakuwa mbavu mbili na milango miwili. Vile vinne vya futi 3 vinakuwa paa, sakafu na rafu mbili. Mikanda miwili ya futi 1 inatoa rafu ya tatu, trei ya kuvuta, nyuso za droo na kitako cha chini. Kwa mgongo na chini ya droo, karatasi moja nyembamba ya milimita 6 inatosha na kubaki. Meno ya msumeno hula milimita kadhaa kila yanapopita, kwa hiyo mwambie fundi apunguze kila kipimo kidogo, asilazimishe futi kamili.

Tafuta hadware ya Kitengela yenye mashine ya kupasua mbao. Kata hukohuko, vipande vifungwe kwa kamba, visafirishwe Bisil vikiwa bapa kupitia Isinya na Kajiado, kisha viungwe kwa skrubu ndani ya chumba ambamo kabati litakaa. Kabati lililoungwa Kitengela likasafirishwa limesimama juu ya pikapu hufika na viungo vilivyolegea, na kiungo kilicholegea ni mlango wa vumbi.

Usikubali kubadilishiwa plaiwudi kwa MDF kwa sababu tu ni rahisi. MDF ikinyonya maji huvimba na hairudi, na gundi yake hutoa mvuke ambao hutaki ukae na lenzi ndani ya sanduku lililofungwa. Chuma nacho kina sifa zake: mchwa hawakigusi na mwizi hukifungua kwa shida. Lakini chuma hupata joto upesi na kupoa upesi, na kila sehemu iliyochunika rangi itashika kutu. Ukiwa tayari na kabati la chuma la ofisini, litumie, ila libandike zulia jembamba ndani ya rafu.

Milango ya vioo iachie kabati la vyombo. Lenzi isiyo na kifuniko ikipigwa na jua moja kwa moja hukusanya miale kama kioo cha kukuza, na inaweza kuunguza kilicho nyuma yake. Zaidi ya hayo, kioo humwonyesha mpita dirishani kila ulicho nacho.

Kabati hupumua

Hili wengi hawalijui. Hata kabati lililofungwa barabara huvuta na kutoa hewa kila siku. Mchana hewa ya ndani hupata joto, hutanuka na kutoka kupitia nyufa. Usiku hupoa, husinyaa, na kabati hunyonya hewa ya nje pamoja na vumbi lake. Joto likipanda nyuzi 15, hewa hutanuka kwa karibu asilimia 5. Kabati la vipimo vyetu, likiwa na rafu na vifaa, lina takriban lita 500 za hewa ndani, kwa hiyo pumzi moja ni lita 25, zaidi ya mtungi mmoja wa maji wa lita 20. Kila usiku, mtungi wa hewa ya Bisil.

Huwezi kulizuia kupumua, lakini unaweza kulichagulia pua. Ziba kila mahali, kisha acha tundu moja la makusudi.

Kwanza, viungo vyote vya ndani vipakwe gundi ya mbao kabla ya skrubu, na pembe zijazwe silikoni. Mgongo uzamishwe kwenye mfereji au upigiliwe ukiwa na gundi mzingo mzima. Kingo za plaiwudi zipakwe vanishi, maana humeza unyevu na kumwaga unga. Kisha milango. Mpira laini wa kubandika, ule unaozibia milango na madirisha, uzunguke fremu yote, na pale milango miwili inapokutana mmoja uwe na ubao mwembamba wa kufunika ufa. Makufuli mawili madogo, juu na chini, huvuta mlango ukabana mpira vizuri kuliko kitasa kimoja cha katikati.

Halafu toboa tundu la kipenyo cha sentimita 5 mgongoni, juu kidogo ya sakafu ya kabati. Nenda kwa muuza vipuri ununue filta ya hewa ya gari, kata kipande, ukibandike juu ya tundu kwa fremu ndogo ya mbao na skrubu nne ili kibadilishwe kirahisi. Sasa kabati likivuta pumzi, litavuta kupitia filta, kwa sababu hewa hufuata njia nyepesi. Badilisha kipande hicho kila mvua zinapoanza. Rangi utakayoikuta juu yake itakueleza kazi kilichofanya.

Kizingiti: trei inayopokea

Turudi mlangoni. Katikati ya kabati, usawa wa kiuno, weka trei ya kuvuta inayotembea kwenye reli za droo. Hapa ndipo kila kitu kinapopokelewa na kusafishwa kabla ya kupewa rafu. Itandike kitambaa cheupe. Weupe si urembo: juu yake punje ya mchanga, skrubu iliyodondoka na kadi nyeusi vyote huonekana.

Kutoka chini, ukihesabu nafasi ya ndani, mpangilio wangu ni huu: sentimita 48 za vitu vizito, juu yake rafu ya kwanza na droo zenye jumla ya sentimita 22, kisha trei, ipewe sentimita 8, juu ya trei rafu ya pili yenye nafasi ya sentimita 35 kwa kamera na lenzi kubwa, na juu kabisa rafu ya tatu, ile ya futi 1 kwenda ndani, yenye sentimita 30 kwa lenzi fupi na flashi. Kabati likiwa na kitako cha sentimita 10, trei inaangukia sentimita 84 kutoka sakafuni. Mtu wa kimo cha kawaida atafanya kazi hapo bila kuinama.

Utaratibu wa kupokea hauzidi dakika kumi. Mkoba ubaki nje ya chumba, ukung'utwe huko. Kamera ielekezwe chini, ipulizwe kwa pampu ya mpira ya mkono, si kwa mdomo, maana pumzi ina mate. Kupuliza hutangulia kufuta siku zote, kwa sababu ukifuta kwanza unaburuta mchanga juu ya kioo. Inafuata brashi laini kwenye viungo na vitufe. Mwisho kitambaa: kikavu kwa vumbi la kawaida, chenye unyevu kidogo wa maji safi kwa mwili wa kamera iliyotoka Amboseli, ili chumvi iondoke, kisha kikavu tena. Mkanda wa shingoni, ambao ndio uliokunywa jasho la siku nzima, uvuliwe na uanikwe.

Ndani ya rafu usijaze sponji. Sponji ya kawaida ya godoro huzeeka, ikawa unga unaonata, na kabla ya hapo hushika unyevu. Kitambaa cha felti kilichobandikwa rafuni na vigawanyio vya plaiwudi vilivyofunikwa felti vinatosha. Mifuko ya ngozi iliyokuja na lenzi nayo ikae nje, kwani ngozi hulisha kuvu.

Wiki za mvua

Sasa unyevu. Kuvu hustawi hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 na kukaa hapo kwa muda. Kiwango kizuri kwa vifaa vya picha ni kati ya asilimia 40 na 50. Badala ya kubahatisha, nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, kisha kihakiki wewe mwenyewe jikoni. Jaza chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, idondoshee maji hadi iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote. Kitie kifuniko pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaojifunga, uufunge, uuache usiku kucha bila kuutikisa. Asubuhi kipimo sahihi kitasoma asilimia 75, maana chumvi iliyolowa hivyo huiweka hewa ya ndani kwenye kiwango hicho. Kikisoma 70, andika juu yake "ongeza 5" na uendelee na maisha.

Soma kipimo alfajiri. Hewa ileile ikipoa, unyevu wake kwa asilimia hupanda. Hewa ya nyuzi 25 inayosoma asilimia 44 husoma karibu 60 ikishuka hadi nyuzi 20. Anayepima saa nane mchana anajidanganya.

Kwa wiki hizo za mvua usijaribu kukausha kabati zima. Nunua vyombo vya plastiki vya chakula vyenye mpira kwenye kifuniko na vibano pande nne, ukubwa wa kuingia kwenye rafu ya pili. Ndani weka kamera, lenzi na silika jeli, zile chembe zinazokuja kwenye vipakiti ndani ya viatu vipya, ila sasa ununue za uzito wa kutosha zinazobadili rangi. Chagua za rangi ya machungwa. Zile za buluu zinazogeuka waridi zina kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu. Zikishiba unyevu, zimwage kwenye sufuria kuukuu isiyopikiwa tena, uzikaushe kwa moto mdogo hadi rangi irudi.

Na hapa hesabu inatuambia jambo. Hewa ya nyuzi 25 iliyojaa unyevu kabisa hubeba takriban gramu 23 za maji kwa mita moja ya ujazo. Kabati letu lote, hata likijaa hewa nzito kuliko zote, lina gramu 11 au 12 tu. Mkanda uliolowa jasho, kifuniko cha mvua kilichokunjwa kibichi au mkoba uliorowa ukirudishwa rafuni, huingiza maji kuliko hewa yote hiyo. Unyevu mwingi wa kabati huletwa na mkono wa mwenye kabati.

Usiweke vidonge vya nafthalini eti kufukuza mende. Mvuke wake haufai kwa kamera. Kwa sababu hiyohiyo, fundi akimaliza kupaka vanishi, acha kabati wazi wiki mbili au hadi harufu iishe.

Betri, chaja na kadi

Betri za lithiamu haziishi na lenzi. Zipe sanduku dogo la bati lenye matundu, mahali pa baridi kuliko kwingine nyumbani, kila moja ikiwa na kifuniko chake ili ncha zake zisigusane na funguo au sarafu. Kama hutazitumia kwa wiki kadhaa, ziache zikiwa na chaji ya karibu nusu. Betri iliyojaa pomoni ikikaa kwenye joto huzeeka haraka, na iliyokauka kabisa inaweza isiamke tena. Betri iliyovimba haina matengenezo. Itoe nyumbani.

Kuchaji kufanyike nje ya kabati, juu ya kigae au kipande cha chuma, mbali na pazia, na mtu akiwa macho. Umeme ukikatika na kurudi, au ukitoka kwenye sola inayopanda na kushuka, soketi yenye kinga ya mshtuko wa umeme ni bei ndogo kuliko chaja.

Kadi na diski zina thamani kuliko kamera, kwa kuwa kamera hununuliwa tena lakini harusi hairudiwi. Weka nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikae nje ya nyumba hiyo. Droo ya kadi ifungwe kwa ufunguo wake. Sura za wateja ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na anayepiga picha kwa biashara ana wajibu wa kuzilinda.

Pa kuliweka, na wenye tamaa nalo

Chagua ukuta wa ndani, usiopigwa na jua la alasiri. Liwe mbali na jikoni, kwa sababu moshi wa jiko na mafuta ya kukaangia hufanya utando kwenye kioo, na mbali na bafu. Chumba kisicho na dari kina joto mno kwa rafu ya juu. Ukishindwa kuweka dari chumba kizima, weka hata juu ya kona ya kabati. Acha sentimita 5 kati ya mgongo na ukuta ili tundu la filta lipumue na njia za mchwa zionekane mapema. Kitako cha sentimita 10 si cha kupuuza: mvua za masika za 2024 zilipofurika Athi River na Kitengela, kilichokuwa sakafuni ndicho kilichotangulia kuzama.

Lifunge ukutani kwa vyuma viwili vya pembe na skrubu ndefu. Mtoto akining'inia kwenye trei halitamwangukia, na mwizi hatalibeba zima. Andika namba ya kila kifaa, piga picha risiti, uhifadhi orodha kwenye barua pepe yako. Kikiibwa, namba hizo ndizo utakazoandikisha polisi kwenye kitabu cha matukio. Bila namba unaripoti "kamera nyeusi", na kamera nyeusi ziko nyingi.

Kabla ya kumlipa fundi salio

Fanya majaribio mawili mbele yake. Usiku, zima taa za chumba, washa tochi ya simu uiweke ndani, funga milango. Popote mwanga unapochungulia, vumbi litapita. Weka alama kwa kalamu, azibe. Kisha bana karatasi kati ya mlango na fremu, ufunge na uivute. Ikichomoka bila kukataa, mpira haubani hapo. Rudia kila baada ya mkono mmoja kuzunguka mlango mzima. Fundi mwema hatakasirika, na siku nyingine ataanza na tochi yeye mwenyewe.

Na ukishalipa, kazi iliyobaki ni yako kila jioni. Umerudi kutoka mnadani, umechoka, chai inakungoja. Vuta trei, puliza, piga brashi, futa, funga. Kisha ondoa kile kitambaa cheupe, utoke nacho hadi uani, ukikung'ute upepo ulipo. Wingu dogo jekundu litakalopaa ndilo ambalo leo lingelala ndani ya lenzi yako.